Mvinyo wa Beaucastel unanuka zizi: umeharibika, au ndivyo ulivyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa mgahawa katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Unguja. Wiki mbili zilizopita mgeni wa meza namba sita aliagiza Château de Beaucastel, Châteauneuf-du-Pape ya mwaka 2010, chupa ghali kuliko zote tulizonazo. Nilifungua mbele yake, kizibo kikatoka kizima, nikammiminia kidogo. Akanusa, akakunja uso, akasema inanuka banda la farasi, niirudishe. Mkewe akanusa, akasema yeye ameipenda. Mwenzangu wa baa akasema ni kizibo kibovu. Meneja anasema nimeiharibu kwa kuifungua vibaya, na anataka kunikata nusu ya bei kwenye mshahara. Mimi ni Mwislamu, sinywi, kwa hiyo siwezi kuonja. Nilinusa tu, na kweli kulikuwa na ngozi na zizi, lakini nyuma yake nilisikia kitu kama karafuu. Je, mvinyo ule ulikuwa umeharibika? Kosa ni langu? Na hii Beaucastel ina nini hata watu wailipie hivyo? Stoo zimebaki chupa mbili na ninaogopa kuzigusa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililokukosesha usingizi: kosa si lako. Hakuna namna ya kufungua chupa inayoweza kutia harufu ya zizi kwenye mvinyo. Ukivunja kizibo, vipande vitaelea kwenye glasi. Ukiitikisa chupa ya zamani, mashapo yatapanda na mnywaji atahisi vumbi mdomoni. Basi. Alichokinusa mgeni wako kilikuwa kimo humo kabla hujashika kizibuo.

Mwenzako wa baa naye amekosea. Kizibo kibovu hakinuki farasi. Kasoro ya kizibo inatokana na kemikali inayofupishwa TCA, na harufu yake ni ya kadibodi iliyolowa, au ya kitambaa cha kufutia meza kilichosahaulika kwenye ndoo. Tena ni kasoro yenye choyo: inafisha manukato mengine yote, mvinyo unabaki bubu. Wewe ulisikia karafuu nyuma ya zizi. Mvinyo ulioharibiwa na kizibo haukuachii karafuu.

Na usijione pungufu kwa kuwa hunywi. Ulimi unajua machache tu, kama uchachu, utamu, uchungu na chumvi; mengine yote tunayoyaita ladha hupitia puani. Karibu kila kasoro ya mvinyo hukamatwa kwa kunusa. Umenusa vitu vitatu, ngozi, zizi na karafuu, na vyote vitatu vilikuwemo. Nimewahi kufanya kazi na watu waliokunywa miaka ishirini na hawasikii karafuu hiyo hadi waonyeshwe.

Sasa, kama mvinyo ule uliharibika. Kiswahili kimetupa vitenzi viwili, kunuka na kunukia, na mvinyo wa Beaucastel umekaa katikati ya hivyo viwili kwa miaka mingi, watu wakiuvuta huku na huku. Kwenye meza yako mume alisema unanuka, mke akasema unanukia. Nitakueleza kwa nini wote wawili walikuwa na haki, lakini kwanza twende shambani.

Shamba lipo Courthézon, mji mdogo karibu na Orange, kusini mwa Ufaransa, kwenye pembe ya kaskazini ya eneo linaloitwa Châteauneuf-du-Pape. Jina lake litamke "Bokastel". Neno château maana yake ngome au kasri, lakini lisikutishe. Kwenye lebo za mvinyo mara nyingi ni nyumba ya shamba tu. Hili lilianza kama ghala na ardhi alivyonunua mtu aitwaye Pierre de Beaucastel mwaka 1549. Na "Pape" ni Papa wa Kanisa Katoliki, si yule papa wa baharini. Mwaka 1309 Papa Clement V alihamia Avignon, na aliyemfuata, John XXII, akajenga ngome juu ya kilima upande wa kaskazini wa mji huo, pa kupumzikia wakati wa joto. Ndiyo hiyo Ngome Mpya ya Papa. Mwaka 1944 Wajerumani walilipua nusu ya mnara wake mkuu, na nusu iliyobaki ndiyo watalii hupiga nayo picha. (Kijiji hicho hicho, mwaka 1954, kilitoa amri ya kupiga marufuku visahani vinavyoruka, vile vya viumbe wa anga za juu, kutua kwenye ardhi yake. Mgeni akichoka kusubiri chakula, msimulie hilo.)

Mahali pale pana upepo uitwao mistral. Ni kaskazi yao, kwa maana ya kuvuma kutoka kaskazini, ila huu unakata. Nilisimama Courthézon asubuhi moja ya Februari nikiwa na makoti mawili, na bado nilijiona niko uchi. Wakulima wanaulalamikia na kuushukuru kwa pumzi moja, kwa sababu unakausha majani na vishada mvua ikinyesha, na kuvu hawapati nafasi. Chini, ardhi imefunikwa mawe ya mviringo, mengine ukubwa wa dafu, ambayo mto Rhône uliyasukuma kutoka milima ya Alps zamani za kale. Hutaamini kwamba kitu chochote kinaota hapo. Lakini chini ya mawe kuna udongo wa mfinyanzi na mchanga ulioganda wa bahari iliyokauka, na mizizi inashuka huko kutafuta maji. Mchana mawe yanapokea jua, usiku yanalirudisha kwa mizabibu kama jiko lililoachwa na makaa.

Kanuni za mvinyo wa eneo lile ndizo zilizowafundisha Wafaransa wengine kutunga zao. Baron Pierre Le Roy wa Château Fortia, aliyesoma sheria na kurusha ndege za kivita katika Vita Kuu ya Kwanza, aliwaongoza wakulima wenzake kuziandika mwaka 1923: ardhi ipi inafaa (ile ambayo lavenda na zaatari ya mwitu huota zenyewe), zabibu zipi, na kilevi kisichopungua asilimia 12.5. Serikali ikazitia muhuri mwaka 1936. Kwenye orodha ya zabibu zinazoruhusiwa kuna majina 13. Wengi hawahangaiki nayo yote. Sehemu kubwa ya mvinyo wa Châteauneuf hutengenezwa kwa Grenache, zabibu tamu, laini, yenye kilevi kingi. Jirani mashuhuri, Château Rayas, mwekundu wake ni Grenache peke yake. Beaucastel wamepanda zote 13, na hapo ndipo kisa chako kinapoanzia.

Kati ya hizo 13 yupo mkorofi mmoja aitwaye Mourvèdre. Huchelewa kuiva kuliko wenzake; kule kaskazini mwa Rhône hawezi kabisa, jua halimtoshi. Watu wa pwani ya kusini husema Mourvèdre hutaka kichwa juani na miguu majini, na udongo wa Beaucastel chini ya yale mawe unampa yote mawili. Mashamba mengi ya Châteauneuf humtia kidogo kama pilipili manga kwenye pilau. Beaucastel humtia kiasi cha asilimia 30, sawasawa na Grenache, halafu Counoise na Syrah karibu asilimia 10 kila moja, na waliobaki wanagawana kilichobaki. Na Mourvèdre, hata akiwa msafi kabisa, hunukia ngozi, nyama ya porini na majani makavu. Ngozi uliyoinusa, mwanangu, kwa sehemu ni zabibu yenyewe. Hakuna aliyeitia.

Aliyeamua hivyo ni Jacques Perrin. Shamba lilikuwa limeingia kwenye familia yake mwaka 1909, lilipopata mnunuzi aitwaye Pierre Tramier baada ya miaka ya msiba: mdudu filoksera, anayekula mizizi ya mizabibu, alionekana Ufaransa kwa mara ya kwanza mwaka 1863 huko Pujaut, ng'ambo tu ya mto Rhône, na eneo lile lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kushambuliwa. Tramier alimwachia mkwewe Pierre Perrin, na huyo akamwachia mwanawe Jacques. Jacques alikuwa mtu wa misimamo. Mwaka 1950, wakati kila shamba la Ufaransa lilikuwa linakimbilia mbolea za viwandani na dawa mpya, yeye alizikataa. Mwaka 1974 shamba likaenda mbali zaidi, likafuata kilimo cha biodainamiki, kisichotumia kemikali za viwandani na kinachofuata hata mwendo wa mwezi. Ungemwona mshamba wakati ule. Leo baadhi ya majirani zake wanafuata njia hiyo hiyo na kuiandika kwenye lebo kwa herufi kubwa.

Msimamo wake mwingine ulikuwa dhidi ya salfa. Salfa ndiyo dawa ya kale ya kulinda mvinyo usigeuke, na Jacques alitaka kuitumia kidogo iwezekanavyo. Akatumia ufundi wa moto: zabibu zikishavunwa kwa mkono na kutolewa vikonyo, maganda hupashwa haraka hadi nyuzi joto 80, kisha hupozwa hadi 20 kabla ya kuachwa yachachuke. Joto lile la muda mfupi huua vimeng'enya vinavyomfanya mvinyo kuwa kahawia, na hutoa rangi nzuri kwenye ganda, kwa hiyo salfa kidogo inatosha. Kila aina ya zabibu huchachushwa peke yake. Grenache na wenzake wanaoharibiwa na hewa huwekwa kwenye matangi yaliyofungwa. Mourvèdre na Syrah, wanaohitaji hewa, huwekwa kwenye madumu ya mbao. Baadaye huchanganywa na kulala karibu mwaka mzima kwenye mapipa makubwa mno ya mwaloni, mengine yanazidi urefu wa mtu. Mvinyo hutulizwa kwa ute wa mayai na kutiwa chupani bila kuchujwa.

Rudia hayo polepole: salfa kidogo, mapipa makubwa ya mbao ambayo hayasafishiki kama bati, na bila kuchuja. Mtu wa maabara akisikia hivyo anashika kichwa. Anajua nani atakuja kupanga kwenye nyumba hiyo.

Mpangaji huyo ni hamira. Si ile ya kawaida inayogeuza sukari kuwa kilevi, ni nyingine iitwayo Brettanomyces, na watu wa mvinyo humwita Brett kama vile ni jirani yao. Aliyeipa jina ni Niels Hjelte Claussen, mwaka 1904, akiwa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Aliikuta kwenye bia za Kiingereza zilizokaa mapipani, na jina lenyewe maana yake ni kuvu wa Uingereza; Waingereza waliona ndiyo inayozipa bia zao ladha. Kwenye mvinyo hujificha ndani ya vinyweleo vya mbao, hula sukari kidogo iliyobaki, haina haraka. Na inapokula hutoa vitu viwili vinavyokuhusu. Cha kwanza ni ethilifenoli: hiyo ndiyo zizi, jasho la farasi, na ikizidi kabisa, plasta ya kidonda. Cha pili ni ethiligwayakoli, na hiki, mwanangu wa Unguja, kinanukia moshi na karafuu. Ndiyo maana ulisikia vyote kwa pamoja. Mpangaji ni mmoja.

Kiasi kinachotosha ni kidogo ajabu. Kikifika karibu mikrogramu 400 kwenye lita moja, watu wengi huanza kusikia. Lakini si wote sawa: kuna pua zinazoshtuka mapema zaidi, kuna zisizosikia hata ikiwa mara mbili. Na hapo ndipo penye mume na mke wa meza namba sita. Haikuwa lazima mmoja wao awe mjuaji na mwingine mshamba. Walikuwa na pua mbili tofauti juu ya glasi moja.

Kwako sitatumia mfano wa Ufaransa. Nenda kwa muuza manukato Mji Mkongwe, mwombe tone la mafuta ya udi wa Kihindi, wa zamani, uliokolea. Dakika ya kwanza utadhani amekudanganya, kwa sababu linanuka zizi waziwazi. Kaa nalo mkononi nusu saa, litageuka, na utaelewa kwa nini watu wa Oman na Dubai hulipa fedha nyingi vile. Tena udi wenyewe ni mti uliougua: kuvu huingia kwenye jeraha la shina, mti unajitetea kwa kutoa utomvu, na utomvu ule ndio mali. Mti mzima usiougua haununuliwi na mtu. Sijui kama kuna anayeita udi kasoro. Ila mtoto wa Kizungu anayenusa kwa mara ya kwanza huenda akakunja uso kama mgeni wako.

Mabishano juu ya Beaucastel yalikuwa hayo hayo. Mivinyo yao ya zamani, hasa ya 1989 na 1990, ilisifiwa mno na wakati huohuo ilikuwa na zizi lisilojificha. Wapenzi wake walisema ndiyo harufu ya ardhi ile, ndiyo Mourvèdre. Wapinzani, wengi wao wataalamu wa Australia na California waliofundishwa kwamba Brett ni uchafu wa ghala na si kitu kingine, walisema ni ugonjwa uliopewa jina la heshima. Chupa zilipelekwa maabara, hamira ikakutwa. Mimi naona wapinzani walishinda kwenye sayansi: shahidi wangu ni Tablas Creek, shamba ambalo akina Perrin walilianzisha na familia ya Haas huko Paso Robles, California, mwaka huo huo wa 1989, kwa vipandikizi vya mizabibu vilivyotoka Beaucastel. Zabibu zile zile, Mourvèdre yule yule, na kwenye chupa zao nilizofungua sijakuta zizi. Basi zizi si zabibu peke yake. Ila kushinda kwenye sayansi si kushinda mezani. Nimekunywa Beaucastel ya 1989, na ningeipokea tena kesho na zizi lake lote, kwa sababu chini yake kulikuwa na tunda na viungo ambavyo mivinyo safi mia moja haiwezi kuvinunua.

Jacques hakuyaona mabishano yale. Alifariki mwaka 1978. Wanawe Jean-Pierre na François ndio walioyabeba, na mwaka 1989 wakatengeneza kwa mara ya kwanza mvinyo wa heshima yake, Hommage à Jacques Perrin, ambao sehemu kubwa ni Mourvèdre wa mizabibu mizee. Hutoka miaka mizuri tu. Sasa watoto wa hao wawili wapo kazini pia, na ghala limekuwa safi zaidi kuliko zamani. Chupa za miaka ya karibuni zizi lake ni la mbali. Wageni wako wa umri mdogo huenda wanalijua jina Perrin kwa mvinyo wa waridi wa Miraval, waliouanzisha pamoja na Brad Pitt na Angelina Jolie. Ni biashara nyingine kabisa, usiichanganye.

Sasa 2010 yako. Ulikuwa mwaka mzuri sana kule, zabibu chache, mvinyo mzito wenye uchangamfu wa asidi. Chupa iliyotunzwa vizuri ya mwaka ule ingekuwa na ngozi, zizi la mbali, na tunda jingi juu yake. Zizi la kumfanya mtu akunje uso kabla hajazungusha glasi ni jingi kuliko ninavyotegemea. Kwa hiyo nakuuliza wewe swali ambalo ningemuuliza meneja wako: chupa ile ilikaa wapi?

Kama ilikaa kwenye stoo ya hoteli ya ufukweni, isiyo na kiyoyozi au yenye kiyoyozi kinachozimwa usiku, basi nimeshapata jibu. Mvinyo huu hauchujwi. Hamira chache zilizosalia hupita zikiwa hai hadi chupani, na kwenye baridi ya ghala nzuri, nyuzi joto 12 au 13, hulala tu. Wapeleke kwenye nyuzi 28 au 30 na waache miezi, wataamka, watakula, na watazaa zizi na karafuu ndani ya chupa iliyofungwa. Mvinyo uliotoka Courthézon na zizi la kunukia unaweza kufika mezani Unguja na zizi la kunuka, bila mtu yeyote kuufungua vibaya. Hiyo ni gharama ya friji ambayo haikununuliwa. Haikatwi kwenye mshahara wa aliyeshika kizibuo.

Kuna jambo jingine dogo lililomwonea mvinyo ule. Ulimiminwa kwenye joto gani? Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe katika "joto la chumba", na wahudumu wa pwani wengi huamini hivyo. Chumba kinachosemwa ni cha Ufaransa wakati wa baridi, enzi za kabla ya hita, nyuzi 16 hadi 18. Si veranda ya Unguja. Kwenye nyuzi 28 kilevi kinaruka puani na zizi linapanda pamoja nacho kwa sauti kubwa kuliko tunda. Chupa hiyo hiyo, ikikaa robo saa kwenye ndoo ya maji na barafu, ingezungumza kwa adabu zaidi. Usione aibu kumpoza mvinyo mwekundu mbele ya mgeni. Mgeni anayejua atakuheshimu.

Siku nyingine mgeni akirudisha, usinuse kizibo. Kizibo kinanukia kizibo. Chukua glasi nyingine, mimina kidogo, zungusha, nusa mara moja kwa haraka kisha uache, kwa sababu pua huzoea. Ukisikia kadibodi iliyolowa, chukua chupa bila mjadala, na mwenye kuuza kwa kawaida hurudisha fedha. Siki au rangi ya kucha: hivyo hivyo. Zabibu kavu zilizopikwa na rangi ya kutu kwenye ukingo wa glasi ni joto la stoo tena. Yai bovu au kiberiti kilichowashwa si ugonjwa mkubwa, hewa hukimaliza, mwombe mgeni dakika kumi na mimina kwenye jagi la kioo. Lakini zizi haliondoki kwa hewa. Kinachotokea ni kwamba tunda nalo linaamka na kulifunika kiasi. Nusu saa ikipita na bado hakuna tunda, kuna plasta ya kidonda na ukavu kama wa chuma, basi Brett ameshinda, na mimi binafsi ningesema chupa hiyo irudi. Ikiwa tunda lipo na zizi lipo, chupa ni nzima. Ni suala la pua ya mgeni.

Na suala hilo dawa yake ni kabla ya kufungua. Mgeni akiagiza Beaucastel, mwambie kwa Kiingereza chako chepesi kwamba ni mvinyo wenye harufu ya ngozi na ya shamba, si wa matunda matupu, kisha mwulize kama anaupenda wa namna hiyo. Akisema anataka matunda, mpe kitu kingine. Akisema ndiyo, ameshakubali zizi kwa mdomo wake. Isitoshe, mezani ulikuwa na mtu aliyeipenda! Ningemmiminia mke, nikamletea mume glasi ya kitu kingine, na chupa isingerudi jikoni. Lakini hilo hujifunza mtu akiwa amekwisha kuchomeka. Mimi nikiwa mhudumu kijana Brussels nilifungua chupa tatu mfululizo za mvinyo mmoja kwa mgeni mmoja, nikidhani kila moja ni mbovu, hadi mpishi mkuu akatoka jikoni akanusa na kunicheka mbele ya watu. Hakunikata mshahara, hata hivyo. Mvinyo uliorudishwa ni hasara ya nyumba, kama sahani ya chakula iliyorudishwa. Mwambie meneja hivyo kwa upole, na umwonyeshe ukurasa huu ukiona unafaa.

Kama hoteli inataka jina hilo kwenye orodha bila hofu hii, waagize Coudoulet de Beaucastel. Shamba lake, kiasi cha hekta 30, lipo ng'ambo tu ya barabara kuu ya A7, mawe yale yale, upepo ule ule, ila mstari wa mpaka ulilitupa nje ya Châteauneuf, kwa hiyo lebo inasema Côtes du Rhône na bei inashuka sana. Huiva mapema, haihitaji kusubiriwa miaka kumi na tano. Nayo ina Mourvèdre ya kutosha kumwonyesha mgeni familia ile inapenda nini.

Sasa zile chupa mbili. Kesho kabla ya zamu zitoe stoo kwa mikono miwili, bila kuzitikisa. Tazama juu, kwenye kifuniko kinachofunika kizibo: kama kuna ukoko mwekundu wa mvinyo uliovuja, au kizibo kimesukumwa juu kikavimbisha kifuniko, joto limeshafanya kazi yake na hizo usimuuzie mtu kwa bei ile. Kama ni kavu na tambarare, zilaze kwenye friji ya vinywaji, rafu ya chini, mbali na mlango, na mwombe meneja aruhusu moja ifunguliwe ikiwa baridi, kwenye glasi mbili, yake na yako. Anuse yeye kwanza. Usimwambie unasikia nini. Mwache aseme mwenyewe kama ni zizi au karafuu.